Nani anamtunza mwenye nyumba ya wageni?

Neno letu la leo linatoka Luka 10:25-37, habari za Msamaria Mwema. Najua umelisikia tangu Shule ya Jumapili, na pengine umeshasema moyoni, "Hilo nalijua." Nakuomba univumilie. Leo sitazungumza sana juu ya Msamaria, na kuhani na Mlawi nao nitawaacha wapite. Nataka tumtazame mtu mwingine aliyemo katika habari hiyo, ambaye kwa miaka mingi ya kuhubiri sikuwahi kumtaja hata mara moja. Lakini kabla ya kufika kwake, nina jambo la kuungama.

Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nikihubiri katika usharika niliokuwa nautumikia. Mama mmoja wa kwaya, muuguzi wa hospitali, aliingia kimya ibada ikiwa imeshaanza, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya sare yake nyeupe. Kabla sijafika katikati ya mahubiri, kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukuta, amelala fofofo.

Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema kwa utani kwamba wapo waliokuja kusikiliza neno, na wapo waliokuja kumalizia usingizi. Watu wakageuka nyuma, wakacheka. Jirani yake akamgusa bega. Aliamka, akaona macho ya kanisa zima yako juu yake, akainamisha kichwa. Baada ya ibada, wakati wengine wako nje kwenye mnada wa mavuno, yeye hakuonekana.

Siku mbili baadaye nilikwenda nyumbani kwake. Ningependa kusema nilikwenda kuomba radhi, lakini si kweli. Nilikwenda kwa sababu uongozi wa kwaya ulikuwa umeniletea jina lake katika orodha ya wanaokosa mazoezi, ukitaka asimamishwe. Alinikaribisha chai. Nilipomuuliza kulikoni, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema:

"Baba Mchungaji, usiku ule nilikuwa wodi ya wazazi, mimi na mhudumu mmoja tu. Mama mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kuvuja damu. Tulihangaika naye, daktari akaja, tukahangaika tena. Alfajiri akatutoka. Mtoto wake yuko hai, analia. Mama mkwe yuko mlangoni na chupa ya uji, ananiuliza mgonjwa wake anaendeleaje. Nilipokabidhi zamu asubuhi sikuweza kwenda nyumbani nikawatazame wanangu. Nikaja kanisani. Sikuja kulala, Baba. Nilikosa mahali pengine pa kwenda."

Chai ilipoa mezani. Sikuwa na neno la kumjibu, na hadi leo sina. Ameniruhusu kuisimulia habari hii, mradi nisimtaje jina wala hospitali yake.

Aliyebaki na mgonjwa

Sasa turudi Luka 10. Msamaria alimkuta majeruhi njiani, akamwonea huruma, akayafunga majeraha yake, akampandisha juu ya mnyama wake na kumfikisha kwenye nyumba ya wageni. Usiku ule akamuuguza mwenyewe. Kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaendelea na safari yake. Tunamsifu Msamaria, na anastahili.

Lakini jiulize: nani aliyebaki? Nani aliyebadilisha vitambaa siku ya pili na ya tatu? Nani aliyeamka usiku wa manane majeruhi alipoweweseka kwa homa? Nani aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha kijiko kwa kijiko, huku wageni wengine wa nyumba ile nao wakiita? Luka hakutuandikia jina lake wala neno lake hata moja. Tunajua tu kwamba alikabidhiwa mgonjwa, na kwamba Msamaria alimwamini. Ndugu zangu, mtu huyo ndiye muuguzi.

Tazama pia jinsi Msamaria alivyomtendea. Hakumwambia, "Wewe una wito, Mungu atakulipa mbinguni." Alitoa fedha mkononi. Katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku, basi dinari mbili ni ujira wa siku mbili. Alikiri kwamba kazi ile ingeweza kugharimu zaidi ya alichotoa, akaahidi kulipa kitakachozidi. Tena aliahidi kurudi. Malipo ya haki, kukiri kwamba mzigo unaweza kuzidi, na ahadi ya kurudi kumwona: hayo matatu ndiyo matunzo ya mtu anayetunza wengine.

Sisi tumeshika neno moja tu, wito. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao, nasi tunapiga makofi. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi tunasahau kwamba mama huyo mwenyewe alirudi kutoka vita vya Crimea mwaka 1856 afya yake ikiwa imevunjika, na kwa miaka mingi iliyofuata alifanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa kitandani. Mwenye taa naye alichoka. Wito haukumfanya asiwe mtu.

Mizigo saba ya wodini

Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Pamela Gray-Toft na James Anderson, walitengeneza kipimo cha msongo wa kazi ya uuguzi. Walitaja vyanzo saba: kifo na mateso ya wagonjwa, migongano na madaktari, kujiona hujaandaliwa vya kutosha kubeba hisia za wagonjwa na ndugu zao, kukosa wa kukutegemeza, migongano na wauguzi wenzako, wingi wa kazi, na mashaka juu ya matibabu. Kipimo hicho kimetumika katika nchi nyingi tangu wakati huo. Niliposoma orodha ile nilimkumbuka yule mama na usiku wake mmoja. Mizigo saba, na sehemu kubwa yake aliibeba kabla jogoo hajawika.

Wingi wa kazi tunauona kwa macho. Mwaka 2020, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Muuguzi na Mkunga, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi wapatao milioni 5.9, na sehemu kubwa yake ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, yaani nchi kama zetu. Namba hiyo ukiileta wodini, maana yake ni muuguzi mmoja anayetundika dripu huku, wakati mgonjwa wa kitanda cha mwisho anaita kule, simu ya maabara inalia, mafaili yanasubiri kuandikwa, na ndugu amesimama mlangoni akisema, "Nesi, nimekuita mara tatu."

Lakini mizigo mingine haionekani. Kuna mashaka: daktari hajafika, dawa iliyoandikwa haipo stoo, mgonjwa anabadilika rangi, na wewe ndiye uliye karibu. Kuna kuwaeleza ndugu habari ambayo hukufundishwa namna ya kuieleza. Kuna kugombezwa na daktari mbele ya mgonjwa, kisha kumgeukia mgonjwa huyo huyo kwa uso wa furaha. Na kuna kifo. Muuguzi huwa karibu saa ya mwisho kuliko wengi wetu. Anamfumba marehemu macho, anamfunga, anamfunika shuka, na baada ya dakika chache anatakiwa kutandika kitanda kile kile kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Wafiwa wana matanga. Muuguzi hana matanga. Ana zamu.

Midomo ya manesi

Hapa najua baadhi yenu mmeanza kunung'unika. "Mchungaji, hao unaowatetea wana midomo! Waliwahi kunifokea mimi." Kweli, wapo. Kumtukana mama aliye katika uchungu, kumdhihaki maskini au kumwacha mgonjwa kwa makusudi ni dhambi mbele za Mungu na ni kosa katika maadili ya uuguzi. Aliyetendewa hivyo ana haki ya kulalamika kwa uongozi wa hospitali, na asizuiwe kwa jina la dini. Uchovu hauhalalishi ukatili.

Lakini kuna jambo ambalo ni vema tulijue. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipochapisha toleo jipya la orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, lilieleza hali inayompata mtu ambaye msongo wa kazi umemkalia muda mrefu bila kudhibitiwa. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na kazi. Dalili zake ni tatu. Nguvu zinaisha, unaamka umechoka kama ulivyolala. Moyo unajitenga na kazi, unaanza kuichukia na kuwaona watu kama mizigo. Na unajiona huna faida tena, kila ufanyalo ni bure.

Isome tena dalili ya pili. Yule nesi anayekujibu bila kukutazama, anayekuita kwa namba ya kitanda badala ya jina, huenda hakuzaliwa hivyo. Huenda miaka kumi iliyopita alimlilia kila mgonjwa, mpaka moyo wake ukasema, "Ukiendelea hivi utakufa," ukajifungia mlango. Ganda gumu mara nyingi limeota juu ya kidonda. Nasema hivi ili tujue mahali pa kuanzia kutibu. Ganda halitoki kwa kulipiga.

Namna Mungu alivyomhudumia Eliya

Sasa tufungue 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, na siku chache baadaye yuko jangwani, amemwacha mtumishi wake nyuma, ameketi peke yake chini ya mretemu, anaomba afe. Amefanya kazi ya Mungu kwa uaminifu, na amechoka hadi roho.

Kama Eliya angekuja kwetu, nahofu tungemwambia afunge siku tatu. Tungemwambia ana roho ya kukata tamaa, ikemewe. Mungu hakufanya hivyo. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika amguse, na kichwani pake pakawa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, na akakiri waziwazi kwamba safari iliyokuwa mbele ilizidi nguvu za mtu yule. Hakuna karipio wala swali. Swali lilikuja baadaye sana, mlimani Horebu, Mungu alipomuuliza anafanya nini hapo. Akamsikiliza, na akamwuliza tena, akamsikiliza tena. Mwisho akampa Elisha wa kusaidiana naye, akamjulisha kwamba hakuwa peke yake kama alivyodhani.

Fuata mpangilio huo: usingizi, chakula, kusikilizwa, kisha mwenzake wa kazi. Hivyo ndivyo Bwana alivyomtunza mtumishi aliyechoka. Asiyelala na asiyekula, mahubiri hayamwingii. Nami nilimcheka mtu aliyekuwa chini ya mretemu wake.

Kwako wewe muuguzi unayesoma gazeti hili baada ya zamu

Dada yangu, kaka yangu, naomba nizungumze nawe kidogo.

Usingizi si uvivu. Bwana Yesu mwenyewe alilala chomboni, kichwa juu ya mto, wakati mawimbi yakipiga. Ukitoka zamu ya usiku, mwili wako unadai deni, na deni hilo haliwezi kulipwa kwa kahawa. Funika dirisha kwa kitenge, zima simu, waambie watu wa nyumbani kwamba saa hizi wewe hupo. Familia ikubali kwamba anayelala mchana hajakaa bure. Na kula. Marko 6:31 inatuonyesha Yesu akiwaita wanafunzi wake faraghani wapumzike, kwa sababu waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata nafasi ya kula haikupatikana. Aliwaita umati ukiwa bado upo. Angengoja wagonjwa wote waishe, wasingepumzika kamwe.

Usimezee kifo. Mgonjwa akifa mikononi mwenu, kabla hamjatawanyika, simameni dakika chache wewe na wenzako wa zamu. Mtajeni kwa jina. Semeni kilichotokea, kilichowezekana na kisichowezekana. Kama ni kulia, lia. Yesu alimlilia Lazaro, naye alijua atamfufua. Uchungu usiosemwa wodini huenda nyumbani, na huko huwapata watoto na mwenzi ambao hawana kosa.

Omba, lakini usifanye maombi kuwa kifuniko cha chungu kinachochemka. Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza kwamba watu hukabili msongo kwa njia kuu mbili: kulishughulikia lile jambo lenyewe linalowaelemea, na kuushughulikia moyo unaoumia. Zote zinahitajika. Mkristo anayesoma Nehemia 4:9 hashangai. Adui walipotisha, watu walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Maombi na walinzi. Omba, kisha andika barua kwa muuguzi mkuu ueleze kwamba zamu ya usiku ya mtu mmoja inahatarisha wagonjwa. Omba, kisha mwombe mwenzako mzoefu akufundishe kile kinachokutia hofu. Omba, kisha nenda kwenye kikao cha wafanyakazi useme. Kusema kwa adabu kwamba mzigo umezidi hakupunguzi imani.

Jihadhari na faraja za uongo. Wapo wanaotuliza moyo kwa pombe wakitoka kazini. Wapo walioanza na kidonge kimoja cha usingizi kutoka kabati la dawa wanalolishika funguo wenyewe. Wapo wanaokaa macho kwa vinywaji vya kuongeza nguvu zamu baada ya zamu. Wapo wanaojitenga, hawapokei simu. Njia hizo hukopesha utulivu wa usiku mmoja kwa riba kubwa. Ukiona usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, au maisha hayana ladha, au umeanza kuwaza kwamba heri ufe, usibaki peke yako na wazo hilo hata siku moja. Mwambie mtu leo, na umwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Wewe umewaambia wangapi, "Mngekuja mapema"? Eliya aliomba afe, na Mungu hakumtupa. Alimtumia mtu wa kumgusa.

Deni la kanisa

Sasa nirudi kwetu tunaokaa benchini na tunaosimama madhabahuni. Kanisa katika nchi hii si mgeni hospitalini. KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza, zote zilizofunguliwa mwaka 1971, zilitokana na juhudi za makanisa. Mwaka 1992 makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na ziko hospitali za kanisa zinazotumika kama hospitali teule za wilaya. Maana yake ni kwamba mara nyingi sisi ndio Msamaria aliyemkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni. Basi tujiulize kuhusu dinari mbili. Tunapokaa kwenye bodi za hospitali zetu, tunauliza tu mapato ya mwezi, au tunauliza pia wauguzi wangapi walikuwa zamu usiku? Mshahara ukichelewa, tunasema "ni huduma ya Bwana", au tunaona aibu?

Katika Kutoka 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akihudumia watu peke yake. Hakumwambia aongeze imani. Alisema jambo lile si jema, kwamba Musa na watu wake wote wangechakaa, kwa kuwa mzigo ulimzidi mtu mmoja. Akapendekeza mpango mpya wa kazi. Yethro aliona kwamba kosa halikuwa katika moyo wa Musa, lilikuwa katika mpangilio. Viongozi wa serikali, wa hospitali na wa kanisa, tuwe na macho ya Yethro. Muuguzi mmoja mmoja hawezi kulala vizuri kiasi cha kuziba pengo la wauguzi watatu ambao hawakuajiriwa.

Wengine wote tuna sehemu yetu. Ukienda kumwona mgonjwa, fuata saa za kuona wagonjwa, na usiingize watu kumi kitanda kimoja. Kabla ya kuuliza, salimia. Muuguzi akikuhudumia vema, mwambie, na umwambie mkuu wake pia, kwa maana malalamiko hufika haraka lakini shukrani husahaulika njiani. Jumuiya ikiwa na muuguzi aliye zamu ya usiku, mama mmoja awachukue watoto wake mchana ili alale. Sufuria moja ya makande iliyopelekwa mlangoni bila maneno mengi ni mahubiri kamili. Na ikiwa wewe ni mchungaji au mzee wa kanisa, mtembelee muuguzi kama unavyomtembelea mfiwa, kwa sababu mara nyingi ndivyo alivyo. Sikiliza, usitoe siri ya wagonjwa wake, na usiharakishe kufungua Biblia.

Kuhusu yule mama, Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale niliposimama kumcheka, nikaomba radhi mbele ya watu wale wale. Kosa lililotendwa madhabahuni haliishi kwa kunong'ona sebuleni. Orodha ya kwaya niliirudisha. Wenzake wakaamua kwamba wiki anayokuwa zamu watarekodi mazoezi kwa simu na kumtumia, naye angejifunza sauti yake akiwa nyumbani. Haikuwa dawa ya kila kitu. Aliniambia baadaye kwamba ilimchukua miezi mingi, pamoja na msaada wa mtaalamu, kabla ya kuweza kuingia chumba kile cha kujifungulia bila mikono kutetemeka. Bado ni muuguzi. Na bado kuna Jumapili anakuja na sare chini ya kitenge, anaketi benchi la nyuma, na usingizi unamchukua.

Hakuna anayemgusa bega. Wazee wa kanisa wanajua. Akipita mtoto wa kupiga kelele, wanamwonyesha kidole mdomoni.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewapumzisha wanafunzi wako waliochoka, uwakumbuke wote walio zamu saa hii tunapoimba. Wape mikono thabiti na moyo usiofungwa. Wape usingizi watakaporudi nyumbani. Nasi tuliowakabidhi wagonjwa wetu, utukumbushe kulipa tunachodaiwa, na kurudi kuwaona. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Jumapili njema.